Nyumba Njema Si Mlango: Maneno juu ya Kumchagua Mkaguzi wa Nyumba

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kamsamba)



 Wazee husema nyumba njema si mlango, maana yake fungua uingie ndani. Neno hili tumelisikia tangu utoto, na mara nyingi twalitumia kwa kuwapima watu. Leo twaomba tulichukue kama lilivyo, tulitumie kwa nyumba yenyewe, yaani msingi, kuta na mabati.

Sababu ya kuleta jambo hili ni kwamba sisi watumishi, ama makarani, ama walimu, ama waganga, hatuna mali ya namna nyingi. Tuna mshahara wa mwezi, na mwisho wa kazi tuna kiinua mgongo. Mtumishi hustaafu kwa lazima atimizapo miaka 60, na kwa hiari akitimiza 55. Aliyekaa katika nyumba za kazi au za kupanga siku zake zote huiona siku ile inakaribia, naye hana mahali pa kuweka kitanda chake. Ndipo hushika fedha yake yote, au hukopa benki akakatwa mshahara miaka mingi, akanunua nyumba. Mkulima akikosa mpunga mwaka huu, mwakani atapanda tena. Sisi tukikosea nyumba, hatuna mwakani.

Natuanze na habari ya mwenzetu mmoja, ambaye ametupa ruhusa kuieleza maadamu hatutaji jina lake. Bwana huyu alinunua nyumba mwezi wa Septemba, wakati ardhi ya bonde letu imekauka na kila njia yapitika. Nyumba ilikuwa nzuri machoni. Kuta zilipakwa rangi mpya, sakafu ilisuguliwa ikang'aa, na mlango wa mbele ulikuwa wa mbao ngumu. Wala hakununua kwa pupa. Alisema, "Kwanza nataka fundi aikague." Dalali akamjibu, "Mzee, fundi yupo, tena hodari, kesho nakuletea." Fundi akaja, akazunguka, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasema, "Nyumba hii, Mzee, itawalea wajukuu wako." Mwenzetu akamshukuru, akampa fedha ya soda, akatia saini.

Mvua zilipokolea mwezi wa Januari, sakafu ya chumba cha watoto ilianza kuinuka katikati kama mgongo wa kobe. Ufa ukatoka pembe ya dirisha ukashuka mpaka msingi, na kabla ya mwezi kwisha mtu aliweza kutia vidole vyake ndani. Mlango ule mzuri ukakataa kufungwa, kwa kuwa fremu yake ilikuwa imepinda. Baadaye majirani walimwambia kwamba nyufa hizo zilikuwapo tangu zamani, na kwamba fundi yule yule aliyeikagua nyumba ndiye aliyezipiga lipu mwezi wa Agosti. Leo mwenzetu amepanga vyumba viwili kwingine, na kila mwezi mshahara wake hukatwa kwa ajili ya nyumba asiyoweza kulala ndani yake.

Bwana Mwenyekiti, hakuna awezaye kumwambia mwenzetu kwamba hakukagua. Alikagua! Kosa lake ni kwamba aliazima jicho la muuzaji. Na hili ndilo neno tulilokuja kulisema leo: mwenye kununua nyumba amchague kwanza mtu wa kuitazama, ndipo aichague nyumba. Wengi wetu hufanya kinyume. Twaipenda nyumba kwanza, halafu twatafuta mtu wa kutuambia kwamba tumependa vema.

Katika nchi nyingine kazi hii ni ya watu maalum. Huko Uingereza mnunuzi huajiri mpima majengo aliyethibitishwa na chama chao, ambacho kiliundwa London mwaka 1868. Huko Marekani wakaguzi wa nyumba waliunda chama chao mwaka 1976, na katika majimbo kadhaa, kama Texas, mtu hawezi kufanya kazi hiyo bila leseni. Kazi ya mkaguzi huko ni kuingia katika nyumba kwa niaba ya mnunuzi, kutazama kila sehemu, na kuandika taarifa. Hauzi nyumba, wala hajengi.

Kwetu Tanzania hatujazoea kumwona mtu mwenye kibao mlangoni kisemacho "Mkaguzi wa Nyumba za Kununua". Lakini tusidhani kwa hiyo kwamba maarifa hayapo. Yapo, ila yamegawanyika mikononi mwa watu mbalimbali. Mwaka 1997 Bunge lilitunga sheria za kusajili wahandisi, wabunifu majengo, wakadiriaji majenzi na makandarasi, na kila kundi lina bodi ya kulisajili na orodha ya majina. Wathamini nao wana sheria yao ya mwaka 2016. Mafundi wa umeme hupewa leseni na EWURA. Mtu akisema ni mhandisi, yafaa kumwuliza namba yake ya usajili, na namba hiyo yaweza kuulizwa kwa bodi yenyewe. Aliyesajiliwa kweli haoni haya kuulizwa, kama karani asivyoona haya kuulizwa kitambulisho chake cha kazi.

Hapa yatupasa kutofautisha jambo moja ambalo limewapoteza wengi. Mthamini hutoa bei ya nyumba. Benki ikimtuma mthamini, humtuma kwa faida ya benki, ijue kama mali yatosha kuwa dhamana ya mkopo. Taarifa ile si cheti cha kwamba msingi ni imara au kwamba mbao za paa hazijaliwa. Basi mtu asiseme, "Benki imekubali, kwa hiyo nyumba ni njema." Benki yatazama shilingi zake, na zako watakiwa uzitazame wewe.

Pengine mtu atauliza: mambo haya si ya mjini, wanakojenga ghorofa? Sisi Kamsamba yatuhusu nini? Twajibu kwamba yatuhusu sana, tena zaidi kuliko wengine, kwa sababu ya nchi yenyewe tunayokaa. Sisi tu watu wa bonde. Mto Momba wapita kwetu ukielekea Ziwa Rukwa, na ziwa lile halina mto wa kulitoa maji kwenda baharini. Maji yaingiayo hayana njia ila jua. Katika mabonde ya namna hii hupatikana udongo mweusi wa mfinyanzi, ule ambao kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mguu, na masika hunywa maji ukavimba. Mkulima wa mpunga huushukuru udongo huu. Mwashi huuogopa, maana huinua sakafu na kupasua ukuta ikiwa msingi haukuchimbwa kwa kadiri yake. Hayo ndiyo yaliyompata mwenzetu.

Tena bonde letu ni sehemu ya Bonde la Ufa. Tarehe 13 Desemba 1910, zamani za Wadachi, nchi ya Rukwa ilitikiswa na tetemeko lenye ukubwa wa 7.4 hivi, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyopata kupimwa katika Afrika. Wakati ule nyumba nyingi zilikuwa za miti na udongo na paa la nyasi, ambazo huyumba pamoja na ardhi. Leo twajenga kwa tofali za kuchoma na mabati, na ukuta wa tofali usiofungwa kwa mkanda wa zege na nondo hauyumbi, huanguka. Tuliona huko Kagera tarehe 10 Septemba 2016: tetemeko la 5.9, dogo sana kuliko lile la 1910, lilibomoa nyumba nyingi za matofali na kuua watu. Hatusemi haya ili kuwatisha wenzetu. Twasema ili ijulikane kwamba mtu wa kukagua nyumba katika bonde hili awe ajuaye bonde hili. Fundi bora wa Dar es Salaam asiyeujua udongo wetu atapitwa na mambo ambayo mwashi mzee wa Kamsamba huyaona tangu njiani.

Basi tuje kwenye kuchagua. Kwanza tuseme ni nani wasiofaa, kwa kuwa hao ndio walio karibu nasi daima.

Hafai dalali, hata akiwa rafiki. Dalali hupata ujira wake nyumba ikiuzwa, na isipouzwa hapati kitu. Hatumlaumu, ndiyo kazi yake. Lakini mtu hawezi kuwa mchezaji na mwamuzi katika mchezo mmoja. Kadhalika hafai mtu aliyeletwa na dalali.

Hafai fundi aliyeijenga nyumba hiyo. Yeye aijua kuliko wote, na yafaa sana kumwuliza maswali: msingi ulichimbwa kina gani, nondo ziliwekwa wapi, saruji ilichanganywa kwa kipimo gani. Lakini hukumu isiwe yake, maana hapana ajihukumuye mwenyewe kwa haki.

Hafai pia fundi atakaye kupewa kazi ya kutengeneza. Huyu ni hatari ya namna nyingine. Yule wa dalali haoni kasoro yoyote, na huyu huziona hata zisizokuwapo, ili apate kazi ya miezi mitatu. Dawa yake ni rahisi. Mwambieni tangu mwanzo, "Bwana Fundi, atakayekagua hatatengeneza." Kama bado aitaka kazi ya kukagua, mna dalili njema.

Mwisho, hafai mkubwa wetu wa ofisi, wala shemeji aliyesoma, kwa sababu tu ni mkubwa au amesoma. Elimu ya hesabu si elimu ya msingi wa nyumba. Tena mkubwa akisema nyumba ni nzuri, nani atathubutu kumwuliza kwa nini?

Sasa ni nani afaaye? Ikiwa nyumba ni kubwa, au ni ya ghorofa, au fedha ni nyingi, afaa mhandisi aliyesajiliwa, hata kama hana budi kutoka Vwawa, Tunduma au Mbeya. Ghorofa si jambo la kukisia. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo, Dar es Salaam, nalo lilikuwa na maduka yenye watu, na zaidi ya watu 20 walipoteza maisha. Watu waliokuwa wakipita mlangoni kila siku hawakuweza kujua hatari iliyokuwa chini yao, kwa kuwa macho ya mpita njia huishia kwenye rangi.

Ikiwa nyumba ni ya kawaida, ya vyumba vitatu au vinne, yaweza kutosha mwashi mzee mwenye sifa, pamoja na seremala kwa ajili ya paa, na fundi umeme mwenye leseni ikiwa nyumba ina umeme. Lakini sifa za mtu zipimwe, zisisikiwe tu. Sisi twatumia maswali manne.

Swali la kwanza: "Umekaa na kujenga hapa kwa mvua za miaka mingapi?" Mtu wa kiangazi kimoja hajui bado maji hupita wapi.

Swali la pili: "Tuonyeshe nyumba tatu ulizojenga au kukagua, ambazo zimeonja mvua za miaka mitano." Kisha tuende kweli, tubishe hodi, tuwaulize wenyewe kwa heshima. Maneno ya mwenye nyumba ni barua ya sifa kuliko zote.

Swali la tatu, na hili ndilo kubwa: "Ni nani uliyewahi kumwambia asinunue?" Mkaguzi ambaye hajapata kusema "usinunue" kwa mtu hata mmoja, ama kakagua nyumba chache sana, ama ulimi wake una bei. Akikutajia mtu, mtafuteni huyo, mwulizeni kama alipewa sababu zilizo wazi.

Swali la nne: "Ni nini usichokijua?" Mwashi mwaminifu atasema, "Umeme siujui, tafuteni mwingine." Fundi ajuaye kila kitu ni wa kuogopwa.

Akijibu vema, patanisheni ujira kabla ya kazi. Ujira huo ulipwe na mnunuzi mwenyewe, kwa mkono wake, na uwe ule ule ikiwa nyumba itanunuliwa au itaachwa. Mkimwambia "Tukinunua tutakuongeza," mmekwisha kumgeuza dalali. Na taarifa yake iandikwe, iwe na tarehe, jina na saini. Hatuna haja ya kueleza sana juu ya hili mbele ya makarani. Tujuavyo sisi, mali bila daftari hupotea bila habari. Mtu aweza kusema "nyumba ni nzima" kwa urahisi wa kupumua. Lakini mpeni karatasi na kalamu aandike "nimetazama msingi, nimetazama paa, nimeona hivi," na mtaona jinsi anavyorudi kutazama mara ya pili.

Hata mtu akichaguliwa vema, yafaa kufuatana naye siku ya kazi, si kwa kumfundisha bali kwa kumwangalia. Mkaguzi wa kweli haanzi sebuleni. Huanza nje, tena mbali kidogo, akatazama ardhi yainamia wapi na maji ya mvua yatakwenda wapi. Hutafuta alama ya maji ukutani, ule mstari mwekundu ambao rangi mpya huuficha upande wa mbele lakini mara nyingi huusahau upande wa choo. Kisha huinama kwenye msingi, akaona kama udongo umekimbia na tofali za chini zimebaki uchi, au zinamung'unyuka kama mkate.

Baada ya hayo hutazama nyufa. Si kila ufa ni msiba. Nyufa nyembamba kama unywele, zilizotapakaa kwenye lipu, mara nyingi ni za lipu yenyewe kukauka upesi. Lakini ufa uendao mshazari kutoka pembe ya dirisha au mlango, mpana upande mmoja na mwembamba upande mwingine, huonyesha kwamba sehemu moja ya nyumba inazama au inainuka na nyingine imebaki. Wala asiridhike kuona ukuta usio na ufa, bali aulize lipu hii ni ya lini. Lipu mpya kipande kimoja tu katika nyumba ya zamani ni kama kiraka kwenye suruali, chini yake pana kitu. Ataangusha timazi kuona kama ukuta umesimama, na atafungua na kufunga kila mlango, kwa kuwa mlango hausemi uongo.

Kisha atapanda darini. Mkaguzi asiyetaka kuchafua shati lake mlipeni nauli arudi nyumbani! Huko darini ndiko kenchi zilipo, na huko ndiko mchwa hupenda. Atachoma mbao kwa ncha ya kisu: ikiwa nzima itakataa, ikiwa imeliwa kisu kitazama kama katika kiazi kilichochemshwa. Atatazama kama kenchi zimefungwa barabara kwenye ukuta, maana upepo mkali utanguliao mvua huibeba bati lililoshikwa na misumari michache. Akiwa gizani atatazama juu: kila tundu la mwanga mchana ni tundu la maji usiku.

Umeme autazame ajuaye umeme: kama nyaya ni za kipimo kifaacho, kama zimeungwa kwa ustadi au zimefungwa kwa mpira wa baiskeli, na kama upo waya uingiao ardhini kwa kuokoa maisha ya mtu. Mwisho watauliza choo kiko wapi na kisima kiko wapi, na kipi kiko juu ya kingine, kwa kuwa maji hayachagui njia.

Nalo jambo la wakati lisisahauliwe. Aliyeiona nyumba kiangazi hajaiona. Akiweza, asubiri mvua moja kubwa airudie. Asipoweza, aende kwa majirani, kwa akina mama hasa, ambao hushinda nyumbani na kuona yote. Awaamkie, akae, aulize polepole: "Mama, mwaka ule mto ulipofurika, maji yalifika wapi?" Atapata taarifa isiyonunulika.

Yako mambo ambayo mkaguzi wa kuta hawezi kuyaona hata akiwa hodari, nayo ni haki ya kuuza. Hapo yahitajika mtu mwingine. Kwa Sheria za Ardhi za mwaka 1999, ardhi yote ya nchi ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Sisi hununua nyumba pamoja na haki ya kuitumia ardhi. Ikiwa kiwanja kimepimwa na kina hati, hati hiyo iulizwe katika ofisi ya ardhi, isitazamwe tu mikononi mwa muuzaji. Ikiwa ni ardhi ya kijiji, jambo lifike kwa Halmashauri ya Kijiji, wala lisiishie kwa mjumbe mmoja chini ya mwembe. Tena Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Basi bibi wa nyumba asipokuwapo siku ya kutia saini, yafaa kuuliza kwa adabu yuko wapi na asemaje.

Twajua kwamba kuna wenzetu walio na mashaka. Mmoja atasema, gharama ni kubwa. Natufanye hesabu. Mtu akinunua nyumba kwa shilingi milioni 20, na mkaguzi akataka laki 2, hiyo ni shilingi 1 katika kila shilingi 100. Ni nani kati yetu ambaye hangelipa shilingi 1 kuzilinda 100? Mwenzetu tuliyemtaja alilipa fedha ya soda, na soda ile imekuwa ghali kuliko zote zilizopata kununuliwa katika wilaya hii.

Mwingine atasema, ni aibu kumtilia shaka mzee anayeniuzia nyumba, hasa tukiwa watu wa kijiji kimoja. Neno hili ni zito, wala hatulidharau. Heshima kwetu si kitu cha kutupa. Lakini twaona kwamba heshima huvunjwa zaidi na ugomvi wa baadaye kuliko swali la mwanzo. Mtu aweza kusema, "Mzee, mimi ni mtoto katika mambo ya ujenzi. Nipe ruhusa nije na fundi anifundishe nyumba yako, nijue namna ya kuitunza." Muuzaji mwenye nyumba njema atafurahi kuionyesha. Akikasirika na kuzuia mlango wa chumba kimoja, amekwisha kuujibu ukaguzi kabla haujaanza.

Bwana Mwenyekiti, tumesema mengi juu ya mtu mmoja mmoja. Twaomba tumalizie na jambo la chama. Makarani wa nchi hii walipounda chama chao cha kwanza huko Tanga mwaka 1922, wakiongozwa na Martin Kayamba, walijua kwamba karani peke yake ni mnyonge, na makarani wakiwa pamoja huweza kusaidiana. Basi kwa nini kila mmoja wetu aanze upya kutafuta mkaguzi, na kila mmoja adanganywe peke yake?

Twatoa shauri kwamba chama kiwe na daftari moja la wakaguzi. Liandikwe jina la fundi au mhandisi, namba yake ya usajili ikiwa anayo, kazi aijuayo, ujira alioutaka, na aliyosema juu ya nyumba aliyoikagua. Safu ya mwisho iachwe wazi kwa muda wa mvua za miaka miwili, kisha mwanachama arudi aandike kilichoonekana. Aliyesema kweli ataonekana, na aliyedanganya ataonekana. Yasiandikwe matusi wala uvumi, bali yaandikwe yaliyoonekana kwa macho, pamoja na tarehe. Na kila fundi apewe nafasi ya kuliona jina lake na kujibu, kwa kuwa sisi tusingependa kuandikwa nyuma ya migongo yetu. Daftari la namna hii halihitaji fedha, lahitaji kalamu na ukweli, navyo vyote viwili ni vyombo vya kazi yetu.

Mwenzetu aliyepatwa na msiba ule amekubali kwamba ukurasa wa kwanza uandikwe habari zake. Ametuambia, "Jina la dalali liacheni, ila andikeni mwezi wa Septemba, mwandike na mwezi wa Januari, wenye kusoma wataelewa." Sisi twaliona neno hilo ni la kiungwana. Yeye hawezi kurudishiwa fedha yake, lakini ametupa alichobakiwa nacho, ndiyo maonyo. Yatupasa tuyapokee kwa vitendo.

Basi, mabibi na mabwana, shauri la daftari tumelileta, nanyi ndio wa kulikubali au kulikataa.  Mungu awajalie kila mmoja paa lisilovuja.